Waranti ya Kioo Haifiki kwa Kitenge

Kazi yangu ni kubandika karatasi kwenye vioo vya watu. Si karatasi ya kuandika. Ile nilipigana nayo mpaka sekondari mwaka wa pili, ikanishinda, tukaachana kwa amani. Hii ni ya plastiki, nyembamba kama ngozi ya kitunguu, unaibandika ndani ya kioo na inapunguza jua. Hapa Kasese watu wanaita tinti.

Nilianza na magari. Gari ya kwanza ilikuwa ya mtu wa Rukoki anayebeba abiria, na nilipomaliza, vioo vyake vilikuwa na mapovu kama mtoto mwenye tetekuwanga. Afande wa barabara akaisimamisha. Hakuuliza leseni, aliuliza nani amefanya hii. Mimi nilikuwa ndani, nimekaa mbele, nafurahia kazi yangu. Akaniambia neno moja, "Toa," nikaitoa na kucha palepale kando ya barabara, watu wanakula mahindi ya kuchoma na kunitazama. Tangu siku hiyo niliona heri nihamie kwenye maduka. Duka haisimamishwi na afande, na ukikosea haikimbii na aibu yako mji mzima.

Baadaye kampuni moja ya Kampala inayouza hizi karatasi ikatafuta mafundi huku kwetu. Walituita kwa mafunzo, wakatupa chai na fulana, halafu mwalimu akaanza kutuambia mambo ya waranti. Wengi walisinzia hapo. Mimi pia nilisinzia, lakini niliamka mahali pazuri. Nilichoshika ni kwamba karatasi ikibadilika rangi yenyewe, ikipiga mapovu yenyewe, ama ikibanduka yenyewe, kampuni inaleta ingine bure na mimi narudi kuibandika. Lakini mteja akiigusa, kwa mfano akiiosha kabla mwezi haujaisha, akiikwangua, ama akijaribu kuitengeneza na mkono wake, kampuni inanawa mikono kama Pilato. Na kioo ikipasuka kwa sababu jirani alirusha jiwe, hiyo ni kesi ya jirani. Nikarudi Kasese nikiona nimesoma.

Mteja wangu mkubwa wa kwanza upande wa Bwera alikuwa mama mmoja wa vitenge. Yeye ni Mnande, alitoka Butembo, Congo, wakati kule mambo iliharibika, akavuka mpaka pale Mpondwe na kile alichoweza kubeba. Sisi Wakonzo na wao Wanande ni watu wa tumbo moja, mpaka ilipita tu katikati yetu kama kisu kwenye ndizi. Lugha ya nyumbani ni ileile. Lakini kwa biashara tunaongea Kiswahili, na kila mmoja anacheka cha mwenzake. Yeye anasema Kiswahili yangu iko ya basoda, ya maaskari, iko tu ya kuamuru watu. Mimi namwambia yake imepanda mlima na kikapu ya Kifaransa mgongoni, imefika imechoka.

Duka yake iko karibu na barabara inayoenda mpakani. Mbele yote ni kioo, na inatazama Congo. Maana yake jua ya kuanzia saa tisa inaingia yote, bila kubisha. "Ata jua inarudia kwetu kila mangaribi," aliniambia siku ya kwanza, nilipokuwa napima. "Inapita hapa kuniaga."

Nilidhani anataka tinti kwa sababu ya vitenge vyote. Kumbe ilikuwa kwa ajili ya kitenge moja. Ilining'inia kwenye vitrine, dirisha la maonyesho, upande wa kushoto, karibu kugusa kioo, bluu, yenye mananasi ya manjano, na haikuwa ya kuuza. Mama yake alikuwa na duka ya nguo Butembo, na hiyo kitenge ilikaa kwenye vitrine ya hiyo duka miaka mingi, ikawa kama bango. Mama yake alikufa, duka haipo tena, kitenge ndiyo iliyovuka. Watu wa kule wakivuka siku ya soko, Jumanne na Ijumaa, hawaulizi jina la duka. Wanauliza duka ya mananasi. Kiwanda haitoi tena hiyo aina, aliniambia. Ikifa hiyo, imekufa yote.

"Jua ya huku iko na meno," akasema. "Weka dawa yako. Zile zingine zikipauka ntauza bei ya chini. Hii moja, hapana."

Nikaweka. Na kwa sababu mdomo wangu haukufungwa na mwalimu yeyote, nikajisifu. Nilimwambia hii karatasi itakaa mpaka mimi nizeeke, na ikibanduka yenyewe kampuni italeta ingine, waranti ipo, asiogope. Nikamwambia pia asiiguse mwezi mzima. Akaitika vizuri.

Tinti niliyoweka ilikuwa ile inayofanya kioo iwe kama ya kujitazamia. Mtu wa nje mchana haoni ndani, anajiona yeye. Mtu wa ndani anaona kila kitu. Bwera ilifurahi sana. Vijana wa boda walikuwa wanasimama pale kukamua chunusi. Wamama wa soko wanasimama kufunga kilemba. Mchungaji mmoja alifanya mazoezi ya mahubiri yote, na mikono, mbele ya huyu mama wa vitenge, mkatoliki, aliyekaa ndani anakula karanga na kumsikiliza.

Halafu kiangazi ilipokuwa inaisha, mama akanipigia simu. Alisema kona ya chini, upande wa kushoto, imebanduka na jua inaingia kwa mananasi. Nikamuuliza kama aliigusa. Akasema tu, "Ilibanduka yenyewe." Mimi nikashika lile neno kama mtu aliyeokota simu. Yenyewe! Nikapanda pikipiki yangu mpaka Bwera, nikapiga picha ya kona, nikaituma Kampala haraka. Sikuchungulia sana. Fundi mwenye haraka ni kama daktari mwenye njaa.

Kampuni haileti karatasi mpya kwa picha tu. Wanatuma mtu kuangalia. Akaja bwana mmoja Mganda, mpole, mwenye shati nyeupe ambayo joto ya Kasese iliibadilisha rangi kabla hatujafika Bwera. Nilimbeba kwenye pikipiki. Kiswahili yake ilikuwa ile waliyoacha askari wa zamani kule kwao, "lete" na "toka" na "wewe", kwa hiyo mimi nikawa mkalimani. Luganda yangu niliipata kwa kutazama mpira kwenye vibanda vya video, lakini inatosha.

Mama alimpokea vizuri, akampa kiti na soda. Yule bwana akaenda moja kwa moja kwenye vioo. Alikuwa na tochi ndogo na kimashine ya kupima jua. Aliangalia kioo kimoja kimoja, na kila moja alisema nzuri. Mimi nikaanza kusimama kama mtu mwenye kazi. Akafika kwenye ile ya kushoto, akapiga magoti, akamulika kona ya chini. Akakwangua kidogo na kucha, akanusa kidole. Pale chini sisimizi walikuwa wanapita kwa mstari, wameshika kazi kuliko mimi.

Akaniambia kwa Luganda, "Ssebo, hii si gundi yetu. Muulize huyu nyabo mwenye duka ni nini hii nyeupe."

Nikamuuliza.

"Iko bundu," mama akasema.

Bundu ni ugali wa muhogo. Kwetu na kwao ndiyo chakula, lakini pia ndiyo gundi. Ukiipika nyepesi inashika kitu chochote. Picha za wagombea wakati wa kura zinabandikwa na bundu, ndiyo maana mbuzi wanazila. Shuleni sisi wote tulibandika vitabu na bundu. Kitabu yangu ya hesabu niliibandika vizuri mpaka haikufunguka tena, na sikulalamika. Kwa hiyo mtu wa hapa akiona kitu imebanduka, mkono wake unaenda kwa sufuria kabla ya simu. Hiyo haiko kwenye mafunzo ya Kampala.

Nikafikiria kutafsiri vibaya. Lakini Luganda inaita muhogo muwogo, na hakuna namna ya kusema muwogo ikasikika kama kitu kingine. Nikasema. Bwana akanitazama, akatazama sisimizi, akakaa chini kabisa na kuanza kucheka, na mimi nikacheka, mpaka mama akauliza kama tumekuja kazi ama arusi.

Kisha bwana akafuta macho, akasema kile nilichojua atasema. Mteja ametengeneza karatasi na mkono wake, kwa hiyo waranti ya hiyo kioo imekwisha. Vingine bado viko na waranti, hiyo moja hapana. Nilimtafsiria mama polepole, nikiangalia viatu vyangu.

Nikamuuliza pia kwa nini hakunipigia simu siku ile ilipoanza. Alinijibu kwa lugha ya nyumbani, ili mgeni asisikie: wewe ulijisifu hapa mbele ya batu, ningekuita niseme kazi yako imeanguka, sura yako ungeweka wapi? Kwetu mtu haitwi kuja kuonyeshwa aibu ya mkono wake. Unamfunikia. Yeye alinifunikia na muhogo.

Lakini hakuwa mtu wa kuachia hapo. Akarudi kwa Kiswahili, akamgeukia bwana kana kwamba wanaelewana.

"Hiyo garanti inakataza sabuni. Inakataza wembe. Inakataza bundu wapi?"

Nikatafsiri. Bwana akasema inakataza kutengeneza, na bundu ni kutengeneza.

"Na kama nyumba yako inavuja, hauweke sufuria chini mpaka fundi akuje?"

Bwana akafikiria hiyo. Akasema sufuria inakaa chini, haipandi kwenye paa. Mama akasema huyu Muganda iko na akili, bibi yake anateseka. Sikutafsiri.

Basi bwana akaeleza tatizo yake, na alieleza vizuri, si kwa ukali. Alisema yeye hapingi kwamba karatasi inaweza kubanduka. Pengine mpira wa dirisha ulikuwa na mafuta, pengine gundi ya kiwanda ilikosa pale. Ikibanduka yenyewe kwanza, kisha mteja akaweka bundu, yeye anaweza kuongea na ofisi, atasema mama alijaribu kuokoa. Lakini kama bundu iliingia kwanza, labda mtu alikuwa anacheza na kona, hapo hana la kusema. Sasa yeye atajuaje ipi ilitangulia? Kona imeshapakwa, sisimizi wamekula nusu. Neno la mama peke yake ofisi haitalikubali, kila mteja anasema ilibanduka yenyewe.

Nilitafsiri yote. Kwa mara ya kwanza sikuweka chumvi yangu.

Mama akatazama nje, kule ambapo mwanamke mmoja alikuwa anajipaka mafuta ya midomo kwenye kioo yetu bila kujua tuko ndani. Kisha akasimama, akaenda kwenye vitrine, akaishusha ile kitenge. Niliona sasa kwamba pindo ya chini ilikuwa imekunjwa kwa ndani na kufungwa na pini. Mimi nilipita hapo mara nyingi na sikuona. Akatoa pini moja moja, akaziweka mdomoni, akaikunjua juu ya meza.

Pale chini, kwenye bluu, kulikuwa na kipande iliyopauka. Haikupauka ovyo kama nguo ya zamani. Ilikuwa na pembe, kama mtu ameikata na rula, nyeupe-nyeupe, na nanasi moja nusu yake ilikuwa ya manjano na nusu haikuwa kitu.

"Mwambie aangalie," akasema kupitia zile pini.

Yule bwana aliangalia kitenge. Akaangalia kona ya kioo. Akarudi kule, akashika karatasi pale bundu ilipoachia, akaivuta taratibu mpaka ikatoka kipande chote cha kona, akaja nayo, akaiweka juu ya ile alama. Ilikuwa pembe ileile. Kwenye kitenge ilikuwa imerefuka kidogo zaidi, kwa sababu jua ya jioni inalala, lakini ilikuwa ileile. Mimi mwenyewe niliielewa bila mafunzo. Bundu ilipokuwa imeshika, kona ilikuwa imefunika, jua haikuweza kuchora. Ili ichore hivyo, karatasi ilikaa wazi muda mrefu, siku nyingi za kiangazi, kabla mtu hajaileta bundu.

Bwana akaniambia kwa sauti ya chini, "Hakuna mtu anayefungulia jua ili iharibu nguo yake." Kisha akaomba ruhusa kupiga picha.

Mama akatoa pini mdomoni. "Ni ya mama yangu," akasema. "Butembo ilikaa mu vitrine myaka yote, haikupata kitu. Nilijua huku ndiyo iko salama."

Hiyo nilitafsiri. Ilikuwa fupi na ilinichukua muda.

Bwana alipiga picha za kitenge, za kona, za sisimizi. Akatoka nje akapiga simu ofisini, tukamwona kwenye kioo anatembea huku na huku, anajitazama, anarekebisha kola. Akarudi akasema wamekubali: ile kioo ya kushoto itapewa karatasi mpya yote, bure, na waranti yake itaendelea. Nilimtafsiria mama, naye akashukuru vizuri, kisha akauliza swali alilokuwa anangojea.

"Na juu ya kitenge, garanti inasema nini?"

Nilijua jibu. Lilikuwa kwenye yale mafunzo, mahali pale nilipoamka. Lakini nilimuuliza bwana, kwa heshima. Akasema waranti inashughulika na karatasi tu. Kitu kilicho nyuma ya kioo, iwe nguo, iwe kiti, iwe zulia, haimo. Tena akasema kitu ambacho mimi wakati wa kujisifu sikusema: karatasi haizuii kupauka. Inachelewesha. Ata ikiwa nzima bila kasoro, jua kidogo inapita kila siku.

Mama alikunja kitenge. "Kwa hiyo garanti pia iko na mpaka yake," akasema, akaenda jikoni nyuma.

Alituletea chakula. Ilikuwa bundu, na sombe ya majani ya muhogo, na samaki ya Katwe. Yule bwana alishika tonge, akaigeuza kwenye mwanga, akaitazama kama ushahidi. Nikamwambia asiogope, ikishika tumboni haibanduki. Alikula akaomba nyingine.

Karatasi mpya ilikuja na basi, na nikaibandika asubuhi moja kabla jua haijageuka. Niliosha ule mpira wa dirisha mpaka ukalia. Sikujisifu. Nilimwambia mama kona ikiinuka ata upana wa unywele, anipigie simu palepale, na kama anaona aibu kwa ajili yangu, aibu yangu mimi nimeizoea, nilianza nayo shuleni. Akacheka. Akaweka kiti mbele ya hiyo kioo mwezi mzima ili mtu asiisogelee, na juu ya kiti akaweka rozari. Hakuna aliyethubutu.

Kitenge hakuirudisha. Aliifunga, akaiweka kwenye kabati nyuma, kwenye giza, mahali jua haina njia. Nilisema amefanya vizuri. Lakini siku za soko watu wa Beni na Butembo walipita mbele ya duka, wakajitazama, wakaendelea. Wengine walimuuliza jirani kama mama wa mananasi alihama, ama alirudi Congo, ama amekufa. Mzee mmoja alimwachia jirani rambirambi, na mama akaletewa salamu za kifo chake mwenyewe. Kumbe kutoka ndani alikuwa amemwona huyo mzee akipita mara mbili.

Ijumaa moja nilipofika nilikuta ameirudisha. Haikuwa na pini. Aliitundika yote, mpaka chini, na ile alama ya kupauka imetazama barabara. Nikamkumbusha alichosema yule bwana, kwamba jua bado inapita kidogo. Akasema anajua. Akasema kitenge ya kukaa kwenye kabati, ni nani ataiona, mende? Mama yake aliiweka kwenye vitrine ili batu bajue fasi ya kuingia, mlango uko wapi. Basi iishe ikifanya kazi yake, polepole, vile karatasi yangu itaweza.

Sasa nikiwa na kazi Bwera, ata kama ni kwa jirani, napita kwanza pale. Nainama nje ya kioo kuangalia ile kona ya chini. Kwa nje sioni kona vizuri, na sioni kitenge mpaka nibandike paji la uso kwenye kioo na kuziba mwanga na mikono. Kabla ya hapo ninachoona ni mtu mwenye fulana ya kampuni iliyopauka kuliko kitenge yoyote, ameinama barabarani, watu wanampita. Na kila mara, kabla sijauliza, sauti ya mama inatoka ndani ya huyo mtu.

"Imeshika, mutoto yangu. Enda kazi."